Waliosaga Seli Ili Waijue

Mwaka 1909 mfugaji mmoja alifika katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York akiwa na kuku aina ya Plymouth Rock aliyeota uvimbe kifuani. Daktari kijana aliyempokea, Peyton Rous, aliukata uvimbe ule, akausaga, akauchuja kwa chujio lenye matundu madogo mno yasiyopitisha seli wala bakteria, kisha akawadunga kuku wengine majimaji yaliyopita. Nao wakaota uvimbe. Kwa hiyo mle mlikuwa na kitu kidogo kuliko seli, chenye uwezo wa kuleta saratani. Rous alichapisha matokeo hayo mwaka 1911. Wenzake wengi waliguna tu, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1966, akiwa mzee wa miaka 87.

Uvimbe wa kuku yule ulihifadhiwa, ukawa unahamishwa kutoka kuku hadi kuku. Ndio uliofungua, kwa bahati tu, mlango wa kuijua seli ndani kwa ndani.

Mnamo 1929 aliwasili Rockefeller daktari kutoka Ubelgiji, Albert Claude, akiwa na nia moja: kumkamata mchawi aliyejificha ndani ya uvimbe ule. Ukitazama alikotoka, hakuwa mtu wa kutarajiwa mahali pale. Alizaliwa Longlier, kijiji cha milima ya Ardennes. Mama yake alifariki kwa saratani ya matiti yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alisoma shule ya kijiji yenye chumba kimoja, sekondari hakuipata, akaenda kuajiriwa katika kiwanda cha chuma. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa alijitolea kuitumikia idara ya ujasusi ya Uingereza, na baada ya vita ikatoka sheria iliyowaruhusu waliotumikia vitani kuingia chuo kikuu bila cheti cha sekondari. Claude akaingia Chuo Kikuu cha Liège kusomea udaktari, akahitimu 1928. Barua ya kuomba nafasi New York aliiandika kwa Kiingereza cha kuungaunga, lakini hoja yake ilieleweka, akaitwa.

Seli aliyofundishwa Claude ilikuwa na vitu vichache sana. Mwingereza Robert Hooke aliona vyumba vitupu katika kipande cha gome la mti mwaka 1665, akaiachia dunia jina. Mskoti Robert Brown, aliyekuwa akichunguza okidi, alieleza habari za kiini mwaka 1831. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Wajerumani Richard Altmann na Carl Benda walikuwa wameziona punje na nyuzi ndogo zilizotapakaa kukizunguka kiini. Benda akaziita mitokondria mwaka 1898. Mwaka huohuo, huko Pavia nchini Italia, Camillo Golgi alitangaza kwamba ndani ya seli za ubongo wa bundi, alizozitia rangi nyeusi kwa madini ya fedha, kuna wavu mwembamba ambao hakuna aliyewahi kuueleza. Golgi huyu ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1880, kwamba homa ya malaria hupanda pale vimelea vinapozipasua seli nyekundu za damu na kumwagika nje. Tutarudi kwenye malaria.

Zaidi ya hapo, saitoplazimu ilichukuliwa kuwa majimaji mazito tu. Tatizo halikuwa uvivu wa macho. Hadubini ya mwanga ina mpaka wake: vitu viwili vikikaribiana kuliko kama nanomita 200, yaani milimita moja iliyokatwa vipande 5,000, huonekana kimoja, hata lenzi ziwe safi namna gani. Wataalamu waligombana miongo mizima kama wavu wa Golgi upo kweli au ni uchafu wa rangi, na hakuna aliyeweza kuamua.

Claude alichukua njia ambayo waungwana wa hadubini waliiona ya kishenzi. Alizisaga seli.

Mashine yake ilikuwa sentrifuji, ambayo huzungusha chupa ndogo kwa kasi hadi vitu vizito vitupwe chini. Kazi yake haina tofauti na ndoo ya maji ya mto uliofurika: ukiituliza, mchanga hutangulia chini, tope hufuata, na vumbi jepesi hukaa juu hadi kesho yake. Sentrifuji huharakisha tu. Kwa mzunguko wa taratibu viini hushuka kwanza. Juisi inayobaki ikizungushwa kwa kasi zaidi hushuka mitokondria. Ikizungushwa kwa kasi kubwa mno kwa muda mrefu, hushuka punje ndogo ambazo hadubini ya mwanga haikuweza kuzichambua.

Punje hizo ndogo ndizo alizozitafuta, maana majimaji ya uvimbe yakisafishwa namna hiyo nguvu ya kuleta saratani ilifuatana nazo. Claude akaamini amemkamata mchawi. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtafiti hufundishwa na wachache hulipenda: akarudia kazi yote kwa kutumia vijusi vya kuku wasio na ugonjwa wowote. Akapata punje zilezile, kwa wingi uleule, zenye kemikali zilezile.

Kile kitu cha Rous, yaani virusi, kilikuwemo kweli, lakini kwa uchache, kimezama ndani ya umati wa kitu kingine. Umati huo ulikuwa sehemu ya kawaida ya kila seli. Mwaka 1943 Claude aliziita punje hizo mikrosomu. Alikuwa ameingia kutafuta kiini cha saratani akatokea na ramani ya seli nzima, na kwa hesabu yoyote hiyo ilikuwa biashara yenye faida.

Waliompinga walikuwa na hoja. Utajuaje kwamba ulichokipata chini ya chupa kilikuwamo katika seli hai, na si takataka ya kusaga? Jibu la Claude lilikuwa daftari la hesabu. Alipima kemikali za mchanganyiko wa mwanzo, akapima kila fungu lililotenganishwa, kisha akajumlisha mafungu yote. Jumla ilipaswa kulingana na mwanzo. Isipolingana, kuna kilichopotea au kilichoharibika, na lazima kitafutwe. Kanuni hii ya duka ndiyo iliyoipa kazi yake heshima, na baadaye itamfumbua macho mtu mwingine.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa kuona. Hadubini ya elektroni ilikuwa imebuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, lakini Rockefeller haikuwa na hata moja. Iliyokuwepo New York ilimilikiwa na kampuni ya rangi na wino, Interchemical Corporation, ambayo ilikubali kuwapa wanabiolojia nafasi. Fundi wake aliitwa Ernest Fullam. Kikwazo kilikuwa seli yenyewe: elektroni hazipiti kwenye kitu kinene, na ndani ya mashine hakuna hewa, kwa hiyo chochote chenye maji hukauka na kukunjamana.

Aliyelivuka hilo alikuwa Keith Porter, Mkanada mwenye mikono ya fundi wa saa. Aliotesha seli za kijusi cha kuku juu ya utando mwembamba wa plastiki uliolazwa kwenye kioo. Seli zinazooteshwa hivyo hujitandaza, na pembeni huwa nyembamba sana. Porter alizihifadhi kwa mvuke wa osmiamu, akaubandua utando taratibu pamoja na seli zake, akauweka juu ya kipande cha wavu wa waya. Picha ya seli moja haikuenea katika fremu moja. Walipiga picha nyingi wakaziunganisha. Mwaka 1945 Porter, Claude na Fullam waliichapisha: seli nzima, ya kwanza kuonekana kwa elektroni. Mitokondria zilionekana kama nyuzi nyeusi. Baina yake kulikuwa na kitu kipya, wavu wa kamba na vifuko uliotanda karibu kila mahali isipokuwa ukingoni. Porter baadaye aliupa jina la retikulamu ya endoplazimu, na wanafunzi wa kidato wamekuwa wakilihangaikia tangu hapo.

Mwaka 1946 aliingia mtu wa tatu. George Palade, daktari kutoka Iași nchini Romania, alikuwa amefika Marekani kwa masomo, akamsikia Claude akitoa mhadhara, akamfuata mwishoni kuzungumza naye. Claude akamkaribisha maabara.

Palade alianza na jambo linaloonekana dogo: maji ya kusagia. Mitokondria zilizotenganishwa kwa maji ya chumvi zilivimba na kupoteza umbo, hivyo watu hawakuafikiana ni kitu gani hasa. Mwaka 1948 yeye, George Hogeboom na Walter Schneider walitumia maji mazito ya sukari. Mitokondria zikatoka na umbo lake, na vimeng'enya vya kutumia oksijeni vikawa vimo ndani yake. Wakati huohuo Eugene Kennedy na Albert Lehninger, huko Chicago, walionyesha kwamba uchomaji wa mafuta na vyakula vingine, pamoja na utengenezaji wa ATP, ile kemikali ambayo seli huitumia kama nishati ya kila kazi, hufanyika humo humo. Kwa mara ya kwanza sehemu ya seli ilikuwa na sura na kazi, vyote vimethibitishwa.

Kisha akarudi kwenye sura. Palade alirekebisha dawa ya osmiamu kwa kuiondolea ukali wa asidi, ili isiharibu inachokihifadhi. Wenzake waliipa jina la utani la achari ya Palade. Visu vya kioo kilichovunjwa vilianza kukata seli vipande vyembamba vya kupitisha elektroni, na Porter akashiriki kuunda mashine ya kukatia. Kati ya 1952 na 1953 Palade alionyesha kwamba mitokondria ina tando mbili, na ule wa ndani umejikunja mikunjo mingi. Msweden Fritiof Sjöstrand, aliyekuwa na picha nzuri pia, alishikilia kwamba mikunjo ile ni kuta zinazogawa vyumba kamili. Wakabishana kwenye majarida. Palade ndiye aliyekuwa sahihi, na umuhimu wa ubishi ule haukuonekana hadi 1961, pale Mwingereza Peter Mitchell alipotoa wazo kwamba nishati huhifadhiwa kwa kusukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando wa ndani hadi mwingine. Wazo hilo linahitaji utando mpana usiokatika, ndiyo sababu ya mikunjo. Mitchell alibezwa kwa miaka kadhaa, akapewa Nobel 1978.

Mwaka 1955 Palade alieleza vipunje vidogo sana, vingine vimejipanga juu ya retikulamu, vingine vikielea. Leo vinaitwa ribosomu, na ndivyo vinavyounga asidi amino kuwa protini. Fumbo la mikrosomu za Claude likateguka: zilikuwa vipande vya retikulamu iliyovunjika wakati wa kusaga, vikiwa bado na ribosomu mgongoni.

Hapa kuna kituko ambacho vitabu vya shule huruka. Mwaka 1949 Palade na Claude wenyewe walichapisha makala wakidai kwamba wavu wa Golgi haupo, kwamba ni mafuta ya seli yaliyokunjamana kwa sababu ya dawa. Waliandika kwa kujiamini. Miaka michache baadaye hadubini ya elektroni ikaonyesha rundo la vifuko bapa pale pale alipopaonyesha Golgi mwaka 1898. Palade hakununa. Alikigeuza kitu alichokikana kuwa kituo cha katikati cha jaribio lake kubwa kuliko yote.

Jaribio hilo alilifanya na James Jamieson katika miaka ya 1960, kwa kongosho la mnyama mdogo wa maabara aitwaye simbilisi. Seli za kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula na kuvimwaga kwenye utumbo, mchana na usiku. Walikata vipande vya kongosho, wakavipa asidi amino yenye mionzi kwa dakika 3 tu, kisha wakaiondoa na kuweka ya kawaida. Protini iliyotengenezwa ndani ya dakika hizo 3 ilikuwa na alama, na alama ile inaweza kuacha nukta nyeusi juu ya filamu ya picha. Ilibaki kuua kipande kimoja baada ya kingine kwa wakati uliopangwa na kuangalia nukta ziko wapi.

Mwanzoni kabisa zilikuwa kwenye retikulamu. Baada ya kama dakika 20 zilikuwa zimefika Golgi. Baada ya saa 2 zilikuwa kwenye chembe za kuhifadhia, karibu na mlango wa seli, zikingoja kumwagwa. Michoro ya seli ukutani madarasani huonyesha viungo vimetulia kila kimoja na mshale wake, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Palade alipima mwendo, na saa yake ikaonyesha kwamba kila kiungo ni kituo cha safari moja.

Kabla ya hapo, huko Ubelgiji, hesabu za mtu mwingine zilikuwa zimekataa kulingana.

Christian de Duve alizaliwa Uingereza mwaka 1917, wazazi wake Wabelgiji wakiwa huko kwa sababu ya vita, akakulia na kusomea nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Leuven alikuwa akitafuta jinsi insulini inavyofanya kazi kwenye ini, na hakuwa na haja yoyote na viungo vya seli. Mwishoni mwa 1949 yeye na wasaidizi wake walisaga ini la panya na kupima vimeng'enya kadhaa. Kimojawapo kiliitwa asidi fosfatasi, na kilipimwa kwa ajili ya kulinganisha tu.

Zamani walikuwa wakisaga kwa blenda ya nguvu. Safari hii walitumia mchi mwororo unaozunguka ndani ya bomba la kioo, wakafuata sheria za Claude. Asidi fosfatasi ikatoka kama sehemu moja ya kumi ya kiwango walichokizoea. Jumla ya mafungu nayo haikulingana na mchanganyiko wa mwanzo. Wangeweza kuandika kwamba kuna kosa la kipimo na kuendelea na insulini. Badala yake wakayaweka mafungu yale kwenye friji, na siku 5 baadaye wakapima tena. Kimeng'enya kilikuwa kimerudi kwa wingi.

Maelezo yalikuwa haya tu: kimeng'enya kilikuwamo muda wote, kimefungiwa ndani ya vifuko vyenye utando. Blenda huvipasua, mchi mwororo huviacha vizima, friji huvilegeza hadi vivuje. De Duve akaachana na insulini. Kufikia 1955 timu yake ilikuta vimeng'enya vingine kadhaa vya kuvunjavunja vitu, vyote vikihitaji mazingira ya asidi, vyote vikifungiwa pamoja. Akaviita vifuko hivyo lisosomu. Hakuna aliyekuwa ameviona. Vilijulikana kwa hesabu kabla ya macho. Mwaka huohuo Alex Novikoff, mtaalamu wa hadubini, alikwenda Leuven, akavipiga picha.

Lisosomu huyeyusha kinachoingia kutoka nje, wakiwemo bakteria waliomezwa na seli nyeupe za damu, na pia huyeyusha sehemu za seli yenyewe zilizochakaa. Kazi hiyo ya pili de Duve aliipa jina, otofaji, mwaka 1963; Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyechunguza jeni zake katika hamira, alipata Nobel kwa ajili yake mwaka 2016.

Mwaka huohuo wa 1963 Henri-Géry Hers, aliyefanya kazi palepale Leuven, alichunguza watoto wenye ugonjwa wa Pompe. Watoto hao huzaliwa wakiwa dhaifu wa misuli, moyo huvimba, na wengi walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka 2. Hers aligundua kwamba wamekosa kimeng'enya kimoja cha lisosomu, kinachovunja wanga wa glikojeni, kwa hiyo vifuko hujaa hadi kuharibu misuli. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye lisosomu, na tangu hapo yamejulikana mengine mengi ya aina hiyo. Mwaka 2006 dawa ilipatikana: kimeng'enya chenyewe, kilichotengenezwa katika seli za hamsta, hudungwa kwenye mshipa. Kina alama ya sukari ambayo utando wa seli huitambua, ukaimeza dawa na kuipeleka hadi kwenye lisosomu.

Nobel ya 1974 ilikwenda kwa Claude, de Duve na Palade. Sheria za tuzo haziruhusu zaidi ya watu 3, na Porter, mwenye mikono iliyobandua ile seli ya 1945, akaachwa nje. Wengi wa fani yake waliona ameonewa, na ni vigumu kuwapinga.

Mwaka huohuo wa 1974 de Duve na wenzake waliandika kuhusu dawa zinazonaswa na lisosomu. Dawa fulani zenye asili ya besi hupenya utando kirahisi, lakini zikikutana na asidi iliyo ndani hubadilika na kushindwa kutoka, hivyo hurundikana. Mojawapo ni klorokwini, ambayo watu wazima wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa muwasho wa ngozi. Kimelea cha malaria, kikiwa ndani ya seli nyekundu, humeng'enya himoglobini katika kifuko chake chenye asidi, kinachofanya kazi ya lisosomu. Mabaki ya himoglobini ni sumu kwa kimelea, kwa hiyo huyagandisha kuwa fuwele zisizodhuru. Klorokwini hurundikana katika kifuko hicho na kuzuia fuwele zisifanyike, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake.

Mwaka 2000 watafiti walitambua protini iliyoiangusha dawa hiyo. Iko kwenye utando wa kifuko kile kile. Asidi amino moja ikibadilika katika nafasi yake ya 76, pamoja na mabadiliko mengine machache, protini huanza kuitoa klorokwini nje. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria.